Ercan kupitia Istanbul: binti yangu anakwenda nchi ya nani?

Swali

Assalaam aleikum. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na amepata barua ya kukubaliwa kusomea ufamasia Kupro ya Kaskazini, mji wa Famagusta. Wakala anayetushughulikia anasema huko ni Ulaya. Tiketi aliyotuonyesha inaishia mahali panaitwa Ercan, kupitia Istanbul. Shemeji yangu anasema kisiwa kile ni cha Wagiriki na Waturuki walikivamia tu. Jirani yangu mwenye duka anasema ni nchi ya Waislamu tangu enzi za masahaba. Nimechanganyikiwa. Ni nchi ya nani, kwa nini imekatwa vipande viwili, na je, nimruhusu mtoto aende? Tena nimesikia kuna kaburi la sahaba huko. Ataweza kwenda kuzuru? *Mama wa Wawili, Tanga*

Jibu

Waalaikumu salaam, mama. Wakala, shemeji na jirani yako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na hakuna aliyeshika chote. Katika yote uliyonitumia, kinachosema ukweli mwingi zaidi ni ile tiketi, kwa hiyo nianze nayo.

Ercan ni uwanja wa ndege ulio kaskazini mwa kisiwa cha Kupro, ambacho wasomaji wa Biblia wanakifahamu kwa jina la Kipro na magazeti yetu mara nyingi huandika Cyprus. Hutapata ndege ya moja kwa moja kwenda Ercan kutoka Doha, London wala Nairobi. Kila ndege lazima iguse kwanza ardhi ya Uturuki. Sababu yake si ya kibiashara. Serikali inayotambuliwa na ulimwengu kuwa ndiyo yenye kisiwa kile, yaani Jamhuri ya Kupro, imetangaza kwamba viwanja halali vya kuingilia ni Larnaca na Paphos, na vyote viwili viko kusini. Kaskazini kunajiita Jamhuri ya Kituruki ya Kupro ya Kaskazini tangu tarehe 15 Novemba 1983. Siku tatu baada ya tangazo hilo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 541 likisema ni batili. Mpaka leo nchi inayoitambua ni moja tu, Uturuki. Tanzania haiitambui, Kenya haiitambui, na hata Pakistan na Azerbaijan, ambazo ni marafiki wakubwa wa Uturuki, haziitambui. Ukimwandikia binti yako barua, kwenye bahasha utaandika "Mersin 10, Turkey". Mersin ni mji wa bandari wa Uturuki bara, ng'ambo ya bahari. Barua za kaskazini hupitia huko kwa kuwa mfumo wa posta wa dunia haujui nchi yenye jina lile. Simu nayo utaanza na 90, namba ya Uturuki.

Lakini usije ukadhani mtoto anapelekwa kwenye nchi ya kubuni. Kuna bunge, mahakama, polisi, hospitali, magazeti yanayotukana serikali, na uchaguzi ambao aliyeko madarakani anaweza kushindwa: Oktoba 2025 Ersin Tatar alibwagwa na Tufan Erhürman, watu wakashangilia mitaani na kesho yake wakaenda kazini. Ni mahali pa kweli penye karatasi ambazo dunia haizisomi. Hilo ndilo neno langu kuu kwako, na mengine yote yanalizunguka.

Sasa wakala na "Ulaya" yake. Jamhuri ya Kupro iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na kwenye maandishi kiliingia kisiwa kizima. Ila mkataba huo una kiambatisho, Itifaki namba 10, kinachosema kwamba sheria za Umoja zimesimamishwa katika maeneo ambayo serikali ya Jamhuri haiyadhibiti. Kwa hiyo ardhi atakayokanyaga binti yako inahesabiwa ni ya Umoja wa Ulaya, lakini sheria za Umoja huo hazimfikii pale aliposimama. Sokoni atalipa kwa lira ya Kituruki, si kwa yuro. Kibali chake cha mwanafunzi hakimpeleki Paris wala Berlin, na hata hiyo Jamhuri ya kusini, hadi mwaka 2025, ilikuwa haijaingia katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Wakala hakukudanganya moja kwa moja. Amesema nusu, akaacha nusu ya pili uigundue mwenyewe baada ya ada kulipwa.

Nije kwa shemeji na jirani, na hapa univumilie, maana habari yenyewe ni ndefu na kusema kweli ndiyo ninayoipenda.

Kupro ina kilomita za mraba 9,251, zaidi ya mara tatu ya Unguja na Pemba ukiziweka pamoja. Kutoka pwani ya Uturuki ni kama kilomita 70, yaani kama Dar es Salaam na mji wa Unguja. Kutoka Ugiriki bara ni kama kilomita 800. Ukitazama ramani utasema Mturuki ndiye jirani. Ukisikiliza lugha utasema Mgiriki ndiye mwenyeji, kwa sababu Kigiriki kimezungumzwa pale kwa zaidi ya miaka 3,000. Waturuki walikuja na dola ya Osmania, iliyokiteka kisiwa kutoka kwa Wavenisi, watu wa Venice ya Italia, mwaka 1570 na 1571. Wengine walikuwa askari waliopewa mashamba, wengine wahamiaji kutoka Anatolia, na wengine wenyeji waliosilimu. Kulikuwa hata na watu walioitwa *linobambaki*, yaani "kitani na pamba": mbele ya mtoza kodi ni Waislamu, nyumbani wanabatiza watoto. Kuna waliokuwa na majina mawili, moja la msikitini na moja la kanisani. Wageni waliotembelea kisiwa karne ya 19 walikuta mamia ya vijiji ambamo mnara wa msikiti na wa kanisa vinatazamana.

Basi kilichowatenganisha ni nini? Waosmania walihesabu watu kwa dini, si kwa lugha wala kabila. Kila umma ulikuwa na mkuu wake wa kidini, naye ndiye aliyewasemea watu wake mbele ya dola na kukusanya kodi zao. Kwa hiyo askofu mkuu wa Kiorthodoksi hakuwa wa ibada tu, alikuwa kiongozi wa taifa lake. Waingereza walipokuja mwaka 1878 waliacha mambo hivyohivyo, na shule wakaziacha zitengane: mtoto wa Kigiriki anasoma vitabu vya Athens, mtoto wa Kituruki anasoma vya Istanbul na baadaye Ankara. Ukimlea mtoto kwa bendera ya ng'ambo usishangae akikua anaitafuta.

Wagiriki wa Kupro wakadai *enosis*. Neno hilo kwa Kigiriki maana yake ni muungano, kujiunga na Ugiriki. Januari 1950 kanisa lilifanya kura yake lenyewe, na karibu asilimia 96 ya Wagiriki waliopiga kura walikubali. Sisi huku tukisikia muungano tunafikiria Aprili 26 na gwaride. Mturuki wa Kupro alifikiria Krete. Kisiwa hicho kilijiunga rasmi na Ugiriki mwaka 1913, na kuanzia mwaka 1923 Waislamu wake waliokuwa wamebaki walibebwa kwa meli kupelekwa Uturuki katika makubaliano ya kubadilishana watu. Wajukuu wao wapo mpaka leo kwenye pwani ya Uturuki. Kwa hiyo Waturuki wa Kupro wakajibu kwa neno lao, *taksim*, mgawanyo. Ni neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa "kasimu" yetu.

Tazama basi: upande mmoja unataka kisiwa kizima kiwe cha Athens, wa pili unataka kikatwe. Hakuna aliyekuwa anapigania Kupro yenyewe. Kosa hili naliweka juu ya yote yaliyofuata, juu hata ya Waingereza, ingawa nao hawakukosa mkono wao. Kundi la Wagiriki la EOKA chini ya Georgios Grivas lilipoanza vita dhidi ya ukoloni tarehe 1 Aprili 1955, Waingereza waliwaajiri Waturuki wengi kuwa polisi wasaidizi. Tangu hapo bomu lililomlenga askari wa mkoloni likawa linamuua Mturuki, na msiba ukawa wa mtaa mzima. Waturuki nao wakaunda jeshi lao la siri, TMT.

Kiongozi wa Wagiriki alikuwa Askofu Mkuu Makarios wa Tatu. Mwaka 1956 Waingereza walimkamata na kumpeleka uhamishoni Shelisheli, visiwa vilevile walikompeleka Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar. (Kwa wasomaji wa Kenya: Makarios huyuhuyu alikuja kwenu mwaka 1971 akabatiza maelfu, na seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, Nairobi, inaitwa kwa jina lake.)

Februari 1959 mapatano yalifikiwa Zurich, kisha yakatiwa saini London, Lancaster House, jumba lilelile ambako Kenya na Zanzibar zilikuja kujadili katiba zao. Waliokubaliana kwanza walikuwa Ugiriki na Uturuki. Wenye kisiwa waliletewa karatasi iliyokwisha kuandikwa. Uhuru ulipatikana tarehe 16 Agosti 1960, na katiba yake nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Rais awe Mgiriki, makamu wake awe Mturuki, na makamu ana kura ya turufu. Mawaziri saba kwa watatu. Wabunge 35 kwa 15. Utumishi wa serikali asilimia 70 kwa 30, jeshi 60 kwa 40, wakati Waturuki walikuwa kama asilimia 18 ya watu wote. Sheria ya kodi ilihitaji wingi wa kura za wabunge wa kila upande peke yake. Rais wa Mahakama ya Katiba ilibidi awe mgeni ambaye si Mgiriki, si Mturuki wala si Mwingereza. Akapatikana profesa wa Kijerumani, naye akajiuzulu mwaka 1963. Wamaroni (Wakristo wenye asili ya Sham) na Waarmenia, ambao hawakuwa huku wala kule, waliambiwa wachague, wakajiandikisha upande wa Wagiriki. Ni nyumba ya mirathi yenye kufuli mbili mlangoni na kila ndugu na ufunguo mmoja. Wakinuniana, wote wanalala nje.

Zaidi ya hayo, Uingereza, Ugiriki na Uturuki zilifanywa wadhamini, kila mmoja akipewa haki ya kuchukua hatua iwapo utaratibu ule utavunjwa. Uingereza ikajibakizia vipande viwili, Akrotiri na Dhekelia, karibu asilimia 3 ya kisiwa, na inavyo mpaka leo.

Novemba 1963 Makarios, sasa akiwa rais, alipendekeza marekebisho 13 ya katiba, ambayo yangeondoa kinga nyingi za Waturuki. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Desemba risasi zililia Nicosia, mji mkuu. Siku chache baadaye jenerali wa Kiingereza, Peter Young, alichukua kalamu ya rangi ya kijani akachora kwenye ramani mstari wa kutenganisha wapiganaji katikati ya mji. Ndiyo asili ya jina la Mstari wa Kijani. Machi 1964 walikuja walinda amani wa Umoja wa Mataifa kwa muda wa miezi mitatu. Wapo hadi sasa.

Hapa ndipo shemeji yako anapokosea, mama. Yeye anaanza hesabu mwaka 1974. Ukimuuliza Mturuki wa Kupro atakuanzishia 1963: mawaziri na wabunge wake kutoka serikalini (yeye atasema walifukuzwa, Mgiriki atasema walisusa), watu wake kama 25,000 kuhama vijiji vyao na kujibana katika mitaa iliyozungukwa. Miaka 11 hiyo haimo katika masimulizi ya kusini, au imo kwa sentensi moja. Kaskazini nako wanapenda kuishia tarehe 20 Julai 1974, kana kwamba baada ya siku ile hakuna aliyeumia.

Tarehe 15 Julai mwaka huo jeshi la ulinzi la Kupro, likiongozwa na maofisa kutoka Ugiriki na kwa amri ya utawala wa kijeshi wa Athens, lilishambulia ikulu ya Makarios. Redio ikatangaza kuwa amekufa. Alikuwa ametoroka kwa mlango wa nyuma, na baadaye sauti yake ikasikika kutoka Paphos ikisema yu hai. Wapinduzi wakamweka Nikos Sampson, mtu ambaye Waturuki walimkumbuka kwa bunduki yake ya mwaka 1963. Kwao hilo lilikuwa tangazo la kifo. Siku ya tano, tarehe 20 Julai, majeshi ya Uturuki yalitua karibu na Kyrenia, mji wa pwani ya kaskazini, na Ankara ikasema inatumia haki yake ya mdhamini. Tarehe 23 utawala wa kijeshi wa Athens ukaanguka, na Sampson naye.

Hadi hapo mwanasheria wa Uturuki ana la kusema mahakamani, na mimi ningemsikiliza. Lakini wapinduzi walikwisha anguka na mazungumzo yalikuwa yanaendelea Geneva pale, tarehe 14 Agosti, vifaru vilipoanza safari ya pili na kuchukua zaidi ya theluthi moja ya kisiwa kwa siku tatu. Safari ile ya pili sijaona hoja inayoihalalisha. Wagiriki kama 160,000 au zaidi walikimbilia kusini, wengi wakiwa na funguo za nyumba mfukoni wakitarajia kurudi wiki ile. Waturuki makumi ya maelfu walihamia kaskazini, wengine chini ya makubaliano ya mwaka 1975. Mwezi huo wa Agosti wanawake na watoto wa Kituruki wa Maratha, Santalaris na Aloda waliuawa na Wagiriki wenye silaha, na familia za Kigiriki zikauawa Palaikythro. Waliopotea wa pande zote, kuanzia 1963, ni 2,002: Wagiriki 1,510 na Waturuki 492. Tangu mwaka 2006 vijana wa pande mbili, wanasayansi, wanachimba pamoja na kupima mifupa pamoja, na zaidi ya 1,000 wamerudishwa kwa ndugu zao wakazikwa. Hakuna kazi nyingine ya pamoja kisiwani ninayoiheshimu kama hiyo.

Ipo moja nyingine lakini, na huwa nawasimulia wanafunzi wangu wakicheka. Mji wa Nicosia ulikatwa katikati, ila mabomba ya maji machafu hayajui mpaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mameya wa nusu hizi mbili, Lellos Demetriades wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini, wakati serikali zao hazizungumzi, walikubaliana mfumo mmoja wa majitaka, na mtambo wa kuyasafisha ukajengwa upande wa kaskazini. Ulifanya kazi miaka yote ambayo mtu mzima hakuweza kuvuka.

Vivuko vilifunguliwa ghafla tarehe 23 Aprili 2003. Watu walipanga foleni za magari usiku kucha kwenda kugonga milango ya nyumba walizozaliwa. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2004, ikapigwa kura ya maoni juu ya mpango wa Kofi Annan wa kuunganisha kisiwa: Waturuki asilimia 65 wakasema ndiyo, Wagiriki asilimia 76 wakasema hapana. Wiki moja baadaye waliosema hapana wakaingia Umoja wa Ulaya, na waliosema ndiyo wakabaki mlangoni. Wagiriki walikuwa na sababu zao: wanajeshi wa Uturuki wangebaki kwa idadi fulani, wadhamini wangebaki, na si kila mtu angerudi kwake. Bado huwezi kumlaumu Mturuki aliyeona ameadhibiwa kwa kukubali. Mazungumzo ya Crans-Montana, Uswisi, yalivunjika Julai 2017, na tangu hapo hakujapatikana meza nzito kama ile.

Nilipita kwa miguu kivuko cha mtaa wa Ledra miaka kadhaa iliyopita. Unatoka kwenye maduka ya viatu, unaonyesha pasi kwenye kibanda cha polisi wa kusini, unatembea hatua chache kati ya nyumba zilizofungwa madirisha tangu miaka ya 1960, unaonyesha pasi tena, na upo kwenye maduka mengine ya viatu. Kahawa ni ileile ya kuchemshwa na machicha chini, kusini inaitwa ya Kigiriki na kaskazini ya Kituruki. Milima ya kaskazini inaitwa Pentadaktylos kwa Kigiriki na Beşparmak kwa Kituruki, na majina yote mawili yana maana moja, Vidole Vitano. Kwenye mteremko wake imechorwa bendera kubwa ya kaskazini inayowashwa taa usiku, ili kila anayelala Nicosia kusini aione kabla ya kufumba macho.

Ni upande huohuo wa kaskazini nilikokutana na kijana wa Bukavu. Wakala wa kwao alimwambia, kama wako alivyokuambia, kwamba ni Ulaya, na kwamba Ujerumani ni "mwendo wa basi". Alipofika akakuta kisiwa. Fedha ya mwaka wa pili haikupatikana, kibali kikaisha, akajaribu kuvuka mstari usiku kwenda kusini kuomba hifadhi, akakamatwa. Si peke yake. Vijana wengi wa Kongo, Kameruni na Nigeria wamepita njia hiyo, na kambi ya wakimbizi ya Pournara, nje ya Nicosia kusini, inawajua.

Kwa hiyo nikujibu sasa: nimruhusu au nisimruhusu? Simkatazi. Vyuo vya huko si vya mfukoni vyote. Famagusta pana chuo kilichoanzishwa mwaka 1979, na vingi vya vile vikongwe vinatambuliwa na YÖK, Baraza la Elimu ya Juu la Uturuki, ambalo hilo linajulikana duniani. Ila vimechipuka na vingine vingi, na mwenye kuvijaza wanafunzi ni wakala anayelipwa kwa kichwa. Kabla hujatoa shilingi, nenda mwenyewe au mtume binti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na jina kamili la chuo na la programu, si la chuo peke yake. TCU ndiyo hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo itakayotathmini cheti chake akirudi. Kwa kuwa ni ufamasia, waulize pia Baraza la Famasi kama wamewahi kumsajili mtu mwenye shahada ya chuo hicho. Jibu la "tumewahi" lina thamani kuliko vipeperushi vyote vya wakala.

Ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo, si ya wakala, na uulize ni kwa yuro au kwa lira, maana lira imeporomoka sana miaka ya karibuni, na kila ikishuka bei za pango hupanda. Umuulize wakala ada ya mwaka wa pili bila punguzo lolote. Uwe na uhakika wa fedha ya miaka yote kabla hajapanda ndege, kwa sababu anayeishiwa fedha huko hana mahali pa kukimbilia: hakuna ubalozi wa Tanzania kaskazini na hauwezi kuwapo, ule wa Uturuki uko Ankara. Na akikuambia kuna nyumba ya bei nafuu ya kununua ufukweni, mwambie ahsante. Ardhi nyingi kule bado kisheria ni ya Mgiriki aliyekimbia mwaka 1974. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilishasema hivyo mwaka 1996 katika kesi ya Bi Loizidou wa Kyrenia, na wanunuzi na wajenzi wamefikishwa mahakamani kusini.

Famagusta atapapenda. Mji wa zamani una ukuta wa Wavenisi, na ndani yake msikiti wa Lala Mustafa Pasha ambao ukiutazama kwa mbali utaapa ni kanisa la Ufaransa, kwa kuwa ulijengwa karne ya 14 kuwa kanisa kuu la Mtakatifu Nikolao. Ataswali chini ya madari ya Kigothi. Nje kidogo ataona Varosha, mtaa wa mahoteli uliozungushiwa seng'enge tangu Agosti 1974, majengo marefu yenye miti inayotokea madirishani. Sehemu yake ilifunguliwa Oktoba 2020, Baraza la Usalama likaeleza wasiwasi mkubwa, na sasa watu huenda pale kuendesha baiskeli. Mji wa kale wa Salamis, walikoshukia Paulo na Barnaba, nao uko karibu.

Limebaki la kaburi. Kwamba masahaba walifika kisiwani, jirani yako yuko sawa. Ni kaburi la Bi Ummu Haram binti Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake, yule ambaye Mtume alilala nyumbani kwake, akaamka akitabasamu, akamweleza alivyoonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao, naye akaomba aombewe awe miongoni mwao. Akasafiri na mumewe, Ubada bin Samit, katika msafara wa kwanza wa Waislamu baharini, zama za Muawiya akiwa gavana wa Sham. Aliposhuka pwani ya Kupro akaanguka kutoka kwenye mnyama wake, akafariki, akazikwa palepale. Pamejengwa msikiti, Hala Sultan Tekke, katikati ya mitende, kando ya ziwa la chumvi ambako heroe (flamingo) hushuka wakati wa baridi.

Uko Larnaca. Kutoka Famagusta ni kama saa moja kwa gari, lakini Larnaca ni kusini. Mturuki wa Kupro anavuka kwa kitambulisho chake. Mzungu mwenye pasi ya Umoja wa Ulaya anavuka hata kama aliingilia Ercan. Binti yako, mwenye pasi ya Tanzania, atakuwa kwa hesabu ya Jamhuri ameingia kisiwani kwa mlango usio halali, na kivukoni atarudishwa. Asijaribu. Akitaka kumzuru Bi Ummu Haram itambidi siku nyingine aombe viza ya Jamhuri ya Kupro akiwa huku nyumbani, na ashukie uwanja wa Larnaca, ambao uko ng'ambo tu ya lile ziwa.